Uzi maalumu: Barabara ya Bagamoyo kuanzia Maktaba hadi Mto Mpiji, majina yake, madaraja, makutano na usafiri

Mpima Mitaa

Wakuu, kila baada ya muda mfupi anatokea mtu anauliza Bagamoyo Road inaanzia wapi, Mwai Kibaki ni ipi, na kwa nini ofisi ya Kijitonyama inajiandika Ali Hassan Mwinyi wakati kibao cha jirani yake kinasema Bagamoyo Mpya. Tuviweke hapa mahali pamoja. Wenye nyongeza karibuni, wenye kusahihisha pia.

La kushika mwanzo: njia ni moja, majina ni ya vipande. Toka baharini pale Posta, panda Azikiwe hadi Sanamu ya Askari. Ukiivuka Samora unaingia mtaa wa Maktaba, unaofika Bibi Titi Mohamed ilipo Maktaba Kuu ya Taifa. Vuka Bibi Titi, hapo ndipo Ali Hassan Mwinyi inapoanza. Upanga inabaki kushoto, bahari iko kulia nyuma ya Gymkhana, unapita Palm Beach, unavuka Daraja la Selander, unapandisha kanisa la St. Peter's, Kinondoni ikiwa kushoto na Oyster Bay kulia, mpaka mataa ya Morocco. Toka Morocco kwenda mbele ni Barabara Mpya ya Bagamoyo: Victoria, Makumbusho, Sayansi, Bamaga, Mwenge, Mlalakuwa, Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Tegeta, Boko, Bunju, halafu Mto Mpiji. Ukivuka mto umeuacha Mkoa wa Dar es Salaam, uko Pwani. Mapinga, Kerege na Zinga zote ni Wilaya ya Bagamoyo, hata kama viwanja vyake vinatangazwa kama "Dar, Bunju mbele kidogo".

Ukishika hiyo Morocco kuwa ndiyo mpaka wa majina, nusu ya maswali imekwisha.

Kijitonyama Kwetu

Mkuu, hapo kwenye Morocco ndipo watu watakapokubana. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wako Sayansi, kilomita kadhaa baada ya Morocco, na anwani yao ni Ali Hassan Mwinyi Road. Sio wao peke yao, taasisi nyingi za kuanzia Victoria hadi Sayansi zinajiandika hivyo. Kwa hiyo mpaka unaousema ni wa mazungumzo na wa wahandisi. Kwenye bahasha bado haujakubaliwa.

Mpima Mitaa

Kweli kabisa, ndiyo maana nimeutaja. Kwa matumizi ya kila siku: ukiona "Ali Hassan Mwinyi Road" kwenye anwani, usishuke kabla hujatazama kata. Kama ni Upanga, Kinondoni au Msasani, uko kabla ya Morocco. Kama ni Kijitonyama au Makumbusho, uko baada yake. Jina la barabara peke yake halikufikishi, kata ndiyo inakufikisha.

Babu wa Upanga

Niongezee ya majina ya zamani, maana vijana mnapatana bei ya viwanja na hati zimeandikwa majina msiyoyajua.

Kipande cha mjini hadi Selander, ramani za zamani zinakiita Upanga Road. Kuvuka daraja kwenda mbele ilikuwa Bagamoyo Road. Mzee Mwinyi aliongoza nchi kuanzia 1985 hadi 1995, na jina lake likachukua Upanga Road yote pamoja na kipande cha kuvuka daraja. Aliishi na jina lake barabarani miaka mingi, akafariki tarehe 29 Februari 2024.

Sasa kuna kitu kinachowachanganya wengi. Bagamoyo ya Zamani sio Ali Hassan Mwinyi. Ni ile inayotengana pale Morocco na kushika upande wa bahari: ubalozi wa Marekani, Shoppers, Mikocheni, Kawe. Hiyo ndiyo iliyopewa jina la Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya. Kwa hiyo hati ikisema "Old Bagamoyo Road, Mikocheni", mtafute kwa jina la Mwai Kibaki. Ikisema "Bagamoyo Road" tupu na ni ya zamani sana, soma namba ya kitalu, maana inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili.

Eneo la ubalozi wenyewe wazee wanaliita Drive-in, kwa sababu palikuwa na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Ubalozi ulihamia pale 2003. Ule uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 ulikuwa mtaa wa Laibon, kule Oyster Bay.

Tazameni pia mitaa inayopakana na barabara hii upande wa kulia: Kenyatta, Kaunda, Toure, Haile Selassie. Bara zima la miaka ya sitini limekaa Oyster Bay. Katikati yao amebaki Selander, mhandisi wa kikoloni, John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi wa Tanganyika. Daraja lilijengwa 1929. Acacia Avenue ikawa Independence kisha Samora, Kichwele ikawa Uhuru, City Drive ikawa Sokoine, Ocean Road ikawa Barack Obama mwaka 2013, lakini Selander hakuna aliyeigusa. Hata lilipojengwa daraja jipya likaitwa kwa muda Selander Mpya, mwisho likapewa jina la jiwe, Tanzanite, la zamani likaachwa na jina lake.

Mama Kawe

Shikamoo Babu. Na Lugalo je? Wengi wanadhani ni jina la hapa Dar.

Babu wa Upanga

Marahaba mwanangu. Lugalo ni Iringa, Uheheni. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kukimaliza. Kambi ya jeshi na hospitali yake zikapewa jina hilo, kituo cha daladala kikalirithi. Mwaka huohuo 1891 ndipo Wajerumani walipohamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Kabla ya hapo Bagamoyo ndiyo ilikuwa mji mkubwa, mwisho wa njia za misafara kutoka bara, na Dar ndiyo iliyokuwa pembeni. Ndiyo maana barabara inaitwa kwa jina la inakokwenda.

Fundi Zege

Uzi mzuri. Mimi niseme ya ujenzi, kwa sababu foleni za barabara hii zinaeleweka ukijua kipande gani kilipanuliwa lini.

Mwenge hadi Tegeta, kilomita 12.9, ndicho kilichotangulia kupanuliwa kuwa njia nne kwa msaada wa Japani, kikakamilika 2014. Matokeo yake yakawa ya ajabu kidogo: magari yanatoka Tegeta mbiombio kwa njia nne, yanafika Mwenge yanakutana na njia mbili. Kipande cha Mwenge hadi Morocco ni kilomita 4.3 tu, lakini ndicho kilichokuwa kinashikilia mji mzima. Desemba 2015 Rais Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru na kuelekeza shilingi bilioni 4 za sherehe zikapanue hapohapo. Baadaye kikajengwa vizuri zaidi.

Watu wanalaumu mataa, lakini mataa ni dalili. Chanzo ni Bonde la Msimbazi. Hesabuni njia za kuvuka Msimbazi kutoka kaskazini na magharibi kuingia katikati ya mji. Mlangoni mwa mto kuna Selander. Nje kidogo, juu ya maji ya bahari, kuna Tanzanite. Ukipanda na mto kuna Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro, halafu Kigogo kwenye Kawawa, halafu Matumbi kwenye Mandela. Hizo ndizo za maana. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani inafungwa, kwa sababu barabara pale imelala chini na mchanga umejaza mto, maji yanapita juu ya lami. Jangwani ikifungwa, magari ya Magomeni, Manzese na Ubungo yanageuza kutafuta Kigogo au yanakuja Morocco kupitia Kawawa. Kawawa nayo ina bonde lake la Mkwajuni ambalo linajaa kwa mvua hiyohiyo. Kinachobaki ni Ali Hassan Mwinyi. Kwa hiyo siku ya mvua foleni ya St. Peter's haisababishwi na kitu kilichopo St. Peter's. Ukisikia asubuhi Jangwani imefungwa, panga safari yako ya Bagamoyo Road upya, hata kama huendi karibu na Jangwani.

Mpima Mitaa

Hii ya kuhesabu njia za kuvuka ingewekwa juu kabisa ya uzi. Fundi, Tanzanite imepunguza kiasi gani kwa macho ya mhandisi?

Fundi Zege

Imesaidia watu wa pwani zaidi kuliko watu wa Bagamoyo Road. Daraja lenyewe ni mita 1,030, ukijumlisha na barabara za kuunganisha unapata kilomita 6.23. Lilianza kupitisha magari Februari 2022. Upande mmoja linashukia Barack Obama karibu na Hospitali ya Aga Khan, upande wa pili Oyster Bay kuelekea Coco Beach. Mtu wa Masaki na Msasani anaingia mjini bila kugusa Selander, na hapo ndipo nafuu ilipo, kwa sababu zamani hao wote walikuwa wanabanana na wa Tegeta pale Kenyatta inapoungana na daraja. Lakini wa Tegeta, Tanzanite ni mzunguko. Akitaka kuitumia lazima akate Oyster Bay, na barabara za ndani kule ni za njia moja kwenda na moja kurudi. Akiokoa dakika darajani anazirudisha Haile Selassie.

La pili, na hili halisemwi: Tanzanite inakushusha Barack Obama, upande wa bahari na hospitali. Kama unakwenda Kariakoo au Mnazi Mmoja, bado una mji mzima wa kukatiza. Kwa huyo Selander na Bibi Titi ni bora.

Jirani wa Bunju

Wakuu naomba msaada wa vitendo. Nina mzigo unatoka bandarini kwenda Boko, gari ni fuso. Dereva anasema apite mjini, Selander, aje moja kwa moja. Ni sawa?

Fundi Zege

Hapana kaka, mwambie aache. Katikati ya mji na fuso lenye mzigo ni kutafuta trafiki. Toka bandarini ashike Mandela: TAZARA, anapita chini ya Daraja la Mfugale, Buguruni, Tabata, Ubungo. Pale Ubungo kuna Daraja la Kijazi la ngazi tatu. Asipande kuelekea Kimara. Anyooke aingie Sam Nujoma, apite Mlimani City, afike Mwenge. Mwenge akate kushoto, hapo yuko Bagamoyo Mpya mpaka Boko.

Kosa la madereva wageni liko Ubungo. Wanaona vibao vingi wanajikuta Barabara ya Morogoro wanaelekea Mbezi. Ikimtokea, asigeuze hovyo. Aendelee mpaka Mbezi Mwisho, kisha akate kulia barabara ya Goba, itamtoa Tangi Bovu. Ni lami. Ina vilima na kona, kwa mzigo mzito ashuke na gia, asitegemee breki peke yake.

Konda wa Zamani

Nami niweke ya daladala, maana wengi humu mnaongea kama watu wenye magari.

Kwanza soma ubavu na kioo cha mbele. Daladala imeandikwa mwanzo na mwisho wa ruti, na mara nyingi inaonyesha inapita wapi. Gari la Tegeta linaweza kwenda Kariakoo au Posta, na njia hazifanani: la Posta linapita Selander, la Kariakoo linaweza kukata Morocco likashika Kawawa hadi Magomeni. Ukitaka St. Peter's au Palm Beach ukapanda la Kariakoo bila kuuliza, unashtukia uko Mkwajuni.

Pili, Mwenge na Makumbusho ni vitu viwili. Magari mengi yaliyokuwa yanalala Mwenge yalihamishiwa stendi ya Makumbusho, ile iliyo karibu na Kijiji cha Makumbusho. Kwa Bagamoyo mjini, nenda Makumbusho. Ukisimama Mwenge barabarani utalipata gari la Bagamoyo, ila siti umeikosa, na safari ni ndefu, kusimama mpaka Zinga sio mchezo.

Tatu, kukatisha ruti. Jioni gari limeandikwa Bunju, linafika Tegeta Kibaoni konda anasema "mwisho hapa". Hilo ni kosa. Ruti iliyo kwenye leseni ndiyo anayopaswa kuimaliza. Kabla hujashuka chukua namba ya gari, saa na mahali, halafu peleka LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Malalamiko bila namba ya gari hayaendi popote. Usilipe nauli nzima kabla ya kujua kama anafika, na nauli halali ni ile iliyotangazwa na LATRA, sio ile inayopanda mvua ikianza.

Nne, kugeuka na gari. Saa kumi na moja jioni pale Makumbusho watu wa Tegeta wanapanda gari likiwa bado linaingia, wanazunguka nalo. Inakupa siti, lakini ujue unalipa nauli mbili. Kwa mtu wa Bunju inalipa. Kwa mtu wa Lugalo ni kupoteza hela.

Mama Kawe

Na mwendokasi, yale mabasi yenye njia zake peke yake, hapo Morocco?

Konda wa Zamani

Kituo cha Morocco ni mwisho wa tawi la awamu ya kwanza. Mwendokasi ule ulianza kubeba abiria Mei 2016, mtandao wake ni kilomita 20.9: Kimara hadi Kivukoni, tawi la Kariakoo, na hilo la Magomeni hadi Morocco kupitia Kawawa. Kwa mtu wa Bagamoyo Road faida yake ni hii: unashuka daladala Morocco, unaingia mwendokasi, unafika Magomeni Mapipa, hapo unabadili kwenda Kimara au mjini. Kabla ya kupanda soma kibao cha mbele cha basi, maana kituo kimoja kinapokea ruti tofauti. Na siku Jangwani imefungwa, basi la kwenda mjini halivuki, linageuzia Magomeni. Siku hiyo baki kwenye daladala ya Posta.

Fundi Zege

Awamu ya nne ndiyo inayokuja kwenye barabara yenyewe: Maktaba, Morocco, Mwenge, hadi Tegeta, na tawi la Sam Nujoma hadi Ubungo. Njia za mabasi zinakaa katikati, vituo katikati. Kwa wenye biashara pembeni maana yake ni kwamba mteja wa upande wa pili hatavuka popote anapotaka. Atavukia kwenye kivuko kilichowekwa, na gari litageuza kwenye makutano tu. Anayetafuta fremu ya duka sasa, asitazame tu wingi wa watu wa leo. Atazame kituo na kivuko vitakaa wapi.

Jirani wa Bunju

Hapo kwenye fremu umenigusa. Kuna nyumba ya biashara nauziwa Boko, iko barabarani kabisa, bei imeshuka mno. Niangalie nini?

Mpima Mitaa

Bei ikishuka mno na nyumba iko barabarani, chukua futi kamba kabla ya kuchukua hela. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo lililotengewa barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Unapima kutoka katikati ya barabara. Sio ukingo wa lami, sio mfereji. Barabara ikiwa imepanuliwa upande mmoja zaidi, katikati ya sasa inaweza isiwe katikati ya hifadhi, kwa hiyo tafuta nguzo fupi za zege za mpaka wa hifadhi, na kama hazipo nenda TANROADS mkoa (wakala wa barabara kuu na za mikoa) wakuonyeshe.

Halafu tazama ukuta. Alama ya X nyekundu ina maana jengo limo ndani ya hifadhi na mwenyewe hana fidia. X ya kijani ina maana limeingia kwenye nyongeza ya 2007, na huyo anastahili kulipwa barabara ikihitaji eneo. Ukuta uliopakwa rangi mpya upande wa barabarani tu, huku pande nyingine rangi imechakaa, uulize kulikoni. Piga picha, waulize majirani wawili wa upande uleule, maana X huwa hairuki nyumba moja.

Na usikubali barua ya serikali ya mtaa kama ndiyo uthibitisho wa mpaka. Mtaa unathibitisha muuzaji anaishi pale. Hifadhi ni ya TANROADS. Barabara za ndani, zile zinazoingia mitaani kutoka Bagamoyo Road, kwa kawaida ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), na upana wake ni mwingine, kwa hiyo nyumba ya kona unauliza ofisi mbili.

Jirani wa Bunju

Nimepima leo asubuhi na fundi. Kutoka katikati hadi ukuta wa mbele ni mita 26.

Mpima Mitaa

Basi mita nne za mbele zimo kwenye nyongeza ya 2007, eneo la X ya kijani: barabara ikizihitaji zinachukuliwa, hata kama kwa fidia. Kama nyumba ina kina cha mita kumi na mbili, unanunua mita nane za uhakika na nne zinazosubiri barabara. Mwambie muuzaji alete barua ya TANROADS inayoonyesha mpaka, na bei ihesabiwe kwa kilichobaki. Akikataa kwenda TANROADS, muache na nyumba yake.